Umelipa, SMS imeingia, taa haijawaka: nani ameshika swichi?

Saa moja na nusu jioni. Umetuma bob hamsini kwa Paybill ya kampuni ya sola, SMS ya kuthibitisha imeingia, watoto wameshafungua vitabu mezani wanangoja. Baada ya muda mfupi taa inawaka. Ukimuuliza mtu yeyote hapo nyumbani nini kimetokea, atakujibu, "Si tumelipa?" Na ni kweli. Lakini kati ya kulipa na kuwaka kuna chipu mbili tatu ambazo hukuziona siku ya kununua wala hukuambiwa zimetoka wapi, na ndizo zinazoamua kama leo utakaa kwa mwanga au gizani.

Mimi nafanya kazi upande wa malipo. Pesa ikitoka kwako ikafika kwa kampuni uliyoilipa, kwa kawaida kazi yetu imeisha. Kwa mteja haijaisha mpaka taa iwake. Isipowaka, simu ya kwanza anapigia sisi, kwa sababu jina letu ndilo liko kwenye SMS. Ndiyo maana leo nimeamua kuandika maoni yangu kuhusu kitu ambacho si malipo: swichi iliyo ndani ya kifaa unacholipia.

Nianze na shangazi yangu wa Mwingi. Alichukua sola ya lipa pole pole, akalipa zaidi ya mwaka mzima bila kuruka hata wiki ya kiangazi. Siku aliyotuma malipo ya mwisho, kisanduku kikazima. Akanipigia simu. "Mwanangu, nimelipa mpaka shilingi ya mwisho. Meseji ninazo zote. Mbona wananinyima taa niliyoinunua?" Nikampigia wakala, wakala akanipa nambari ya ofisini, na ofisini wakaniambia kwa upole kabisa kwamba mfumo unaonyesha kifaa kimefunguliwa. Shangazi alikaa gizani siku tatu na mfumo unaonyesha kimefunguliwa.

Kumbe wote walikuwa wanasema kweli. Amri ya kufungua ilikuwa imetumwa, lakini boma la shangazi liko nyuma ya kilima, mahali ambapo hata wewe na simu yako unatafuta netiwaki kwa kusimama juu ya jiwe. Kile kisanduku kina laini yake ndani, kama simu, nayo ilikuwa haijasikia chochote. Siku ya nne binamu yangu akakitia kisanduku kwenye kiondo, akapanda nacho hadi kwenye mgongo wa kilima ambapo watu huenda kupiga simu, akakaa nacho chini ya mti. Hazikupita dakika kumi, kikawaka.

Tulicheka sana baadaye. Lakini siku zile tatu hakuna aliyekuwa anacheka, na swali la shangazi bado lina uzito: kama nimemaliza kulipa, kwa nini swichi ya taa yangu iko mkononi mwa mtu aliye Nairobi?

Ubongo na misuli

Ili tuongee vizuri, ni lazima tujue kilichomo ndani. Fungua kisanduku cha sola, mita ya stima au betri ya pikipiki ya umeme, na utakuta chipu za namna mbili. Za kwanza ni za kufikiri. Zinahesabu siku ulizolipia, zinaongea na mnara wa simu, na zinatunza siri ya kuhakikisha kwamba amri imetoka kwa kampuni kweli, si kwa kijana fulani mjanja mwenye laptopu. Za pili ni za misuli. Hizo ndizo zinazoruhusu umeme upite au zinazouzuia. Mafundi wengi huziita transista tu, na aina inayotumika zaidi kwenye vifaa vidogo huitwa mosfeti.

Ifikirie mosfeti kama mfereji. Mfereji wa maji unaufungua kwa mkono, huu unafunguliwa kwa volti kidogo tu inayowekwa kwenye mguu mmoja wa chipu. Hakuna kitu kinachosogea ndani, kwa hiyo hakuna kinachochakaa kwa kusuguana, na unaweza kufunguka na kufungika maelfu ya mara kwa sekunde moja. Ubongo ukisema "amelipa", volti inawekwa na umeme wa betri unaenda kwenye taa. Ukisema "siku zimeisha", volti inaondolewa. Ni hayo tu. Deni lako lote linasimama juu ya mguu mmoja wa chipu.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu ndipo pesa yako inapopotelea bila wewe kujua. Hakuna mfereji unaopitisha kila kitu bila kuvuja, na mosfeti huvuja kwa joto. Tuseme umeme wa ampia 10 unapita. Mosfeti nzuri yenye ukinzani wa miliomu 5 itapoteza nusu wati tu, hata ukiigusa hutashtuka. Mosfeti hafifu yenye ukinzani wa miliomu 50 itapoteza wati 5, mara kumi zaidi, kwenye kitu kidogo kama ukucha. Wati 5 zingeweza kuwasha balbu mbili za LED. Hapo zinachoma plastiki, zinakausha vijenzi vya jirani, na siku moja unasikia harufu. Sola mbili zinaweza kuwa na paneli sawa, betri sawa na rangi sawa ya kisanduku, moja ikafa mwaka wa pili na nyingine ikaendelea, na tofauti ikawa ni hiyo chipu tu.

Ndiyo sababu nafuatilia kampuni zinazotengeneza chipu hizi, ingawa si kazi yangu. Chukua Infineon ya Ujerumani. Ilizaliwa mwaka 1999 ilipotengwa na Siemens, na makao yake yako Neubiberg, karibu na Munich. Sifa yake kubwa ni misuli: chipu za kuendesha mota za treni, magari na mashine za viwandani, na za kugeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani. Mwaka 2015 ilikamilisha kuinunua International Rectifier ya Marekani kwa dola bilioni 3 hivi, nayo ilikuwa mkongwe wa mambo hayo hayo. Kisha mwaka 2020 ikamalizana na Cypress, pia ya Marekani, kwa euro bilioni 9. Cypress haikujulikana kwa misuli. Ilijulikana kwa chipu za kumbukumbu, vidhibiti vidogo, WiFi na Bluetooth.

Jiulize kwa nini mtu wa misuli anatoa euro bilioni 9 kununua ubongo na masikio. Kwa maoni yangu jibu ni lile lile la kisanduku cha shangazi. Waliona kwamba swichi peke yake haitoshi tena, kwamba kila kitu kinachotumia umeme kitataka kuhesabu, kusikia amri na kujibu. Jokofu, mita, pampu ya maji, pikipiki, vyote. Na anayeuza ubongo, masikio na misuli pamoja ndiye atakayeuza zaidi. STMicroelectronics, NXP na Texas Instruments nao wako kwenye soko hilo hilo.

Upande wa misuli hawajalala. Oktoba 2024 Infineon ilionyesha bamba la silikoni lenye unene wa maikromita 20 tu, kama robo ya unywele wa binadamu. Wembamba huo si wa mashindano. Katika chipu nyingi za namna hii umeme hupita kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo bamba likiwa jembamba njia ni fupi, na njia ikiwa fupi joto linapungua. Agosti mwaka huo huo walifungua kiwanda kule Kulim, Malaysia, cha chipu za silikoni kabaidi, ambazo huvumilia volti kubwa na joto kali kuliko silikoni ya kawaida. Hizo ndizo zinazotafutwa kwa magari ya umeme na mitambo mikubwa ya sola. Hata hapa kwetu, Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, kwa hiyo tusiseme mambo haya ni ya Wazungu na Wachina peke yao.

Sisemi chipu ya kisanduku cha shangazi ilitoka Infineon. Sikukifungua.

Usikimbilie fundi wa kuruka kufuli

Najua unachofikiria. "Kama ni mfereji tu, si nimwite fundi aunganishe waya moja kwa moja?" Wapo wanaofanya hivyo, na sitajifanya sielewi kwa nini. Mtu amelala gizani na betri imejaa kando yake, inauma.

Tatizo ni kwamba katika vifaa vingi swichi inayokufungia ndiyo hiyo hiyo inayolinda betri. Betri za litiamu hazipendi kunyonywa mpaka mwisho. Chipu ya ubongo huangalia volti, na betri ikishuka mno, mosfeti inafunga ili isife. Fundi akiiruka, ameondoa kufuli na mlinzi kwa pamoja. Taa zitawaka usiku huo. Baada ya miezi michache utakuwa na betri isiyoshika chaji, na ikiwa mambo ni mabaya zaidi, betri iliyovimba karibu na godoro la mtoto. Na warantii hapo sahau.

Lakini lawama zote nisimwekee mteja. Kampuni iliyofanya kufuli na mlinzi kuwa kitu kimoja, halafu haikumpa mteja njia nyingine ya kufungua netiwaki ikikosekana, imemsukuma mwenyewe kwa fundi. Njia ipo na si mpya. Ni namba za kubonyeza, kama tokeni za stima. Kifaa hakihitaji kusikia mnara wowote, kinahitaji vidole vyako. Wangempa shangazi namba za kufungua kwa SMS siku ile ile, kiondo kingebaki ukutani.

Kuhusu tokeni, tuna somo letu wenyewe la mwaka 2024. Unakumbuka zile tokeni tatu? Wengi walinunua stima kama kawaida, wakapokea namba tatu badala ya moja, wakadhani ni wakora. Jirani yangu aliingiza ya mwisho peke yake mara nne, mita ikakataa, akaapa kwamba ameibiwa.

Haikuwa wizi. Mita za kulipia kabla zinazofuata mfumo wa STS, unaotumika nchi nyingi na hapa Kenya pia, huandika ndani ya kila tokeni muda iliyotolewa, kwa kuhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa biti 24, yaani dakika 16,777,216 basi. Piga hesabu: ni karibu miaka 32, na zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita ambayo haijabadilishwa ingeziona tokeni mpya kama za zamani na kuzikataa. Zile namba mbili za mwanzo zilikuwa za kuambia mita ianze hesabu mpya. Ya tatu ndiyo ilikuwa stima.

Mimi nilivutiwa na jambo hilo kuliko nilivyokasirika. Watu waliopanga mfumo miaka ya tisini waliacha mlango wa kurekebisha mita bila kuing'oa ukutani. Bila mlango huo, mafundi wangebisha hodi kwenye kila nyumba yenye mita ya zamani. Elimu ndiyo iliyochelewa. Watu walihitaji kuelezwa kwa Kiswahili rahisi mapema, si kusoma namba sitini wakati nyumba iko gizani.

Mlango wa kurekebisha ni muhimu kwa sababu hata wakubwa hukosea. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk, huko Brno, Jamhuri ya Cheki, waligundua kasoro katika programu ya Infineon iliyotumika ndani ya chipu zake za usalama kutengeneza funguo za siri. Funguo hizo zilifuata mpangilio uliozifanya ziwe rahisi kukisiwa kuliko ilivyotakiwa. Estonia, nchi ambayo watu husaini karibu kila kitu kwa kitambulisho chenye chipu, ilijikuta na kadi kama 760,000 zenye tatizo. Novemba mwaka huo serikali ilisimamisha vyeti vya kadi hizo, na wenye kadi wakaweza kuvipata vipya kwa intaneti, wakiwa nyumbani, au kwa kwenda ofisini.

Kama kampuni kubwa namna ile inaweza kukosea, ile iliyotengeneza kisanduku chako itakosea pia. Siogopi kampuni inayosema imekosea na inarekebisha. Naogopa kifaa kisichorekebishika, kilichouzwa kwa mkopo wa miaka miwili na watu ambao huenda mwaka wa pili wasiwepo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa depositi

Uliza kwanza: nikimaliza kulipa, kifaa kinafunguka kabisa, au kitaendelea kungoja amri kila mwezi? Kuna tofauti kubwa. Kilichofunguka kabisa ni chako hata kampuni ikifunga duka kesho. Kinachoendelea kungoja amri ni cha kukodi, hata kama karatasi inasema umenunua. Taka jibu kwa maandishi. SMS inatosha.

Uliza pia kama kuna namba za kubonyeza pale netiwaki inapokosekana. Ukiwa unaishi nyuma ya kilima, swali hili lije kabla ya bei.

Upande wetu wa malipo, hakikisha unalipa kwa Paybill ya kampuni na kwamba nambari ya akaunti ni ile uliyopewa ya kifaa chako. Kosa la tarakimu moja huwasha taa ya mtu mwingine, na hilo tunaliona sana. Usitume kwa nambari binafsi ya wakala eti "nitakuwekea". Hifadhi SMS za malipo, na zile muhimu ziandike kwenye daftari, kwa sababu simu hupotea. Na mtu yeyote anayekuambia anahitaji PIN yako ili "afungue kifaa" ni mwizi. Hakuna chipu duniani inayofunguliwa kwa PIN yako ya pesa.

Kuna moja ambalo watu hawaulizi kabisa: kifaa kinajua nini kunihusu? Chenye laini ndani kinaweza kujua kiko wapi, kinawaka saa ngapi na kuzima saa ngapi. Ukikitazama vizuri, kinajua nyumba yako inalala saa ngapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuelezwa data yako inatumika vipi. Itumie. Wakala akikushangaa, mwache ashangae.

Kwa ndugu zangu wa boda boda wanaohamia pikipiki za umeme, swichi yenu ni nzito kuliko ya taa. Ndani ya kidhibiti cha mota kwa kawaida kuna jozi tatu za mosfeti zinazofunguka na kufungika kwa zamu, mara maelfu kwa sekunde, kugeuza umeme wa betri uwe wa kuzungusha gurudumu. Betri nayo ina ubongo wake. Ikiwa unalipa kwa siku au kwa kubadilisha betri, jua kwamba inaweza kuzimwa kutoka mbali. Sina shida na kampuni kulinda mali yake. Lakini naona pikipiki izuiwe pale kituoni, betri inapobadilishwa, na kamwe isizimwe ikiwa barabarani imebeba abiria, hata deni liwe la wiki tatu. Kabla hujasaini, uliza mahali amri ya kuzima inapotekelezwa. Ukijibiwa "hiyo ni ya mfumo", ondoka.

Na kampuni zinazouza vifaa hivi, ambazo nyingi ni wateja wetu pia, naomba jambo moja bila kuzunguka. SMS yetu inaposema malipo yamekubaliwa, tuma ya kwako inayosema kifaa kimepokea amri. Si kwamba amri imetumwa, bali kwamba imepokelewa. Kifaa kina uwezo wa kujibu. Kisipojibu ndani ya saa moja, mtumie mteja namba za kubonyeza bila kungoja apige simu na kuwekewa muziki dakika ishirini.

Shangazi bado anakitumia kile kisanduku. Taa mbili za nyumbani, moja ya nje karibu na zizi la mbuzi, na simu za majirani wanaokuja kuchaji kwa bob ishirini. Juzi nilimuuliza kama kimewahi kuzima tena. Akasema hapana, ila kile kiondo hajakipeleka sokoni tangu siku ile, kimening'inia nyuma ya mlango, na daftari la SMS zake zote liko ndani.